Mshauri nasaha katika kituo cha bweni cha vijana: anza na suala la ufunguo

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mshauri nasaha, nimefanya kazi kwenye kliniki ya kutwa kwa miaka mitatu, na wateja wangu wengi ni watu wazima. Sasa nimepata nafasi katika kituo cha tiba cha bweni kwa vijana wa miaka 13 hadi 17. Wengine wana sonona na wamewahi kujikata, wengine wana uraibu, wengine wameshafukuzwa shule zaidi ya moja. Karibu wote hawakuchagua kuja. Nina hofu mbili. Ya kwanza, nitamsaidiaje mtoto ambaye hataki hata kuniona? Ya pili, kila ninayemuuliza ananiambia watu hawadumu kwenye kazi hii. Nikubali? Na nikikubali, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Suala la kukubali au kukataa nitalijibu mwishoni, kwa sababu linategemea kituo chenyewe. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza moja kwa moja, ingawa ndilo linalozaa hofu yako ya kwanza.

Kule kliniki, mteja akichoshwa na wewe haji tena. Uhuru wake wa kutokuja ndio unaokupa imani kwamba anapokuja, amekuja kweli. Kijana wa kituoni hana uhuru huo. Tena wewe unayemwambia "jisikie huru, niambie lolote" ndiye utakayekaa kwenye kikao cha timu na kusema kama yuko tayari kurudi kwao au aongezewe miezi. Ufunguo wa geti umeshika wewe, au angalau mkono wako umo. Na kijana analijua hilo kabla hajakutia machoni. Usiku wake wa kwanza bwenini wenzake wameshamweleza: yule mshauri ndiye anayeandika, mpe anachotaka kusikia, utatoka.

Washauri wengi wanaotoka kliniki hulikwepa jambo hili. Wanaona haya kuwa na mamlaka juu ya mtoto, basi wanajifanya hawana. Wanaongea kwa sauti ya chini, wanasema "hapa uko salama". Mtoto ambaye tangu udogoni amesoma nyuso za watu wazima ili ajinusuru anauona uongo huo mara moja. Ushauri wangu wa msingi, ambao mengine yote yanatokana nao, ni huu: mamlaka uliyonayo yaseme waziwazi siku ya kwanza, kwa maneno mepesi, kisha mgawie kijana sehemu yake kadiri sheria na usalama vinavyoruhusu.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Ameletwa kijana wa miaka 15, kofia ya sweta imeshuka hadi kwenye nyusi, amechagua kiti kilicho karibu kabisa na mlango. Mwache hapo hapo, na wewe usikae kati yake na mlango. Faili lake liache limefungwa. Mwambie kitu kama hiki: "Mimi ndiye mshauri wako hapa. Najua hukuulizwa kama unataka kuja. Kila mwezi naandika taarifa juu yako, na taarifa hiyo ina uzito katika kuamua unatoka lini. Nitakachoandika utakisoma kwanza, na usipokubaliana nacho, maneno yako nayo yataingia." Kisha nyamaza. Atakaa kimya, pengine muda mrefu kuliko ulivyozoea kuvumilia. Halafu atakupima: "Nikikaa hivi hivi bila kuongea, utaandika nini?" Jibu la kweli ni fupi: "Nitaandika kwamba bado hatujafahamiana." Usiongeze swali hapo. Umempa jibu lisilo na mtego, na kwa wengi wao hicho ni kitu kigeni.

Siku hiyo hiyo mweleze mipaka ya siri. Usisubiri mpaka atoe jambo zito ndipo umwambie kwamba hilo utalipeleka mbele. Akishatoa, umechelewa, na atakuita msaliti kwa haki kabisa. Yapo matatu yasiyofichwa popote: akiwa katika hatari ya kujiua au kujidhuru vibaya, akiwa na nia ya kumdhuru mtu, na akiwa anafanyiwa ukatili au alifanyiwa na mtu ambaye bado anaweza kuwafikia watoto. Kituoni kuna la nne ambalo watu hulisahau kulisema: timu. Hufanyi kazi peke yako. Kuna daktari wa akili anayesimamia dawa, kuna muuguzi, mwalimu, walezi wa zamu. Mwonyeshe kijana kwa mifano nini kinafika kwao na nini kinabaki baina yenu wawili. Maneno "nitawaeleza yale ya lazima tu" hayamsaidii. Yanayomsaidia ni kama haya: "Ukiniambia unaota ndoto mbaya, mlezi wa usiku ataambiwa kwamba hulali vizuri. Hataambiwa unaota nini."

Sasa, atakubalije kufanya kazi nawe? Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika kwamba ushirikiano wa mshauri na mteja una nguzo tatu: kukubaliana mnakokwenda, kukubaliana mtakachofanya ili mfike, na uhusiano wenyewe kati yenu. Kijana aliyeletwa kwa nguvu hataafikiana nawe mnakokwenda ikiwa umeandika "aache bangi" au "amheshimu mama yake". Lakini kuna mahali mnakoafikiana tangu dakika ya kwanza: anataka kutoka. Lichukue hilo kwa uzito wote, maana ndilo lengo lake halisi. Muulize, nani anatakiwa aamini nini ndipo utoke? Kitu gani kikitokea nyumbani wiki ya kwanza, utarudishwa hapa? Kufikia kikao cha tatu au cha nne mtajikuta mnazungumzia bangi na mama, ila safari hii mada ameileta yeye. Mwanasaikolojia William Miller, alipoanza kuandika mwaka 1983 juu ya mazungumzo ya kuwajengea walevi wa pombe hamasa ya kubadilika, alionyesha kwamba kadiri mshauri anavyotetea mabadiliko, ndivyo mteja anavyojikuta akitetea hali yake ya zamani. Kwa vijana jambo hilo lina nguvu maradufu. Ukivuta, atavuta.

Na panga vikao vyako kwa akili. Saa ya mwili wa kijana wa umri huu husogea mbele. Usingizi humjia akiwa amechelewa, na anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Ukimwita saa mbili asubuhi, nusu ya unachokiita ukaidi ni usingizi. Wala usimtoe kwenye mpira kila Jumanne kuja kuzungumza machungu yake.

Nije kwenye jambo linalonikera zaidi katika vituo hivi. Vingi vinaendeshwa kwa pointi na ngazi: ukitandika kitanda, pointi, ukijibu vibaya, zinakatwa, ukifika ngazi ya tatu unaruhusiwa kupiga simu, ya nne unakwenda nyumbani wikendi. Utaratibu una faida yake, kwa sababu mtoto aliyekulia kwenye vurugu hupumua akijua kesho itakuwaje. Shida huanza pale timu inapohesabu pointi na kudhani imepima nafuu. Kijana mwerevu huujua mchezo upesi. Atasema "nimetambua makosa yangu" kwa sauti ile ile waliyoitumia watatu waliotangulia. Atapanda ngazi zote bila kuteleza, ataagwa kwa makofi, na miezi michache baadaye utasikia yuko wodini.

Mimi humhofia zaidi kijana ambaye kwa miezi mitatu hajawahi kunikasirikia. Kituo hakiwezi kuwa kimemfurahisha kiasi hicho. Ama anaigiza, ama amejifunza kwamba kukasirika mbele ya mtu mzima ni hatari. Nafuu ya kweli huja na makunyanzi: anakuambia "leo sitaki", anakuambia umekosea, anarudi kesho yake kuona kama bado unamtaka. Siku akikwambia "taarifa yako hii umeandika uongo", mpe kalamu. Kazi imeanza hapo. Na kwenye kikao cha timu, wenzako watakaposema amerudi nyuma kwa sababu amepoteza pointi, wewe ndiye wa kusimama na kueleza kwamba hasira ile ni hatua. Utapingwa. Simama tu, ukiwa na mfano mkononi.

Tukiwa kwenye vikao: asiyekuwepo na lake halipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na kifungu cha 25 unampa mtoto aliyewekwa mahali na mamlaka kwa ajili ya tiba au matunzo haki ya hali yake kupitiwa upya mara kwa mara. Pigania awe ndani ya chumba wanapopitia hali yake, hata kama ni kwa robo saa. Jiandae naye kabla: aandike mambo mawili anayotaka kuyasema. Wapo watakaosema mtoto ataharibu kikao. Uzoefu wangu ni kwamba watu wazima huchunga midomo yao zaidi anapokuwepo, na hilo peke yake ni faida.

Sehemu kubwa ya tiba, hata hivyo, itafanyika wewe ukiwa hupo. Hili ndilo litakalokusumbua ukitoka kliniki. Kikao chako ni saa moja, pengine mara mbili kwa wiki. Muda mwingine wote kijana yuko na walezi. Wao ndio wanaomwamsha, wanaomwona akilia bafuni, wanaotukanwa saa nne usiku taa zinapozimwa. Usiku ndio mgumu kuliko wakati wowote. Mchana kuna masomo, kazi, kelele. Taa zikizimika, kila alichokikimbia kinamfuata kitandani, na kwa mtoto aliyewahi kuingiliwa usiku na mtu aliyemwamini, mlango kufunguka gizani ni tishio hata kama aliyefungua ni mlezi mwema kuliko wote.

Nilifanya kazi na msichana (nimebadilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha) ambaye kila wiki aliandikiwa ripoti ya "kushambulia mlezi wakati wa ukaguzi wa usiku". Kwenye makaratasi alikuwa mkorofi. Alichonieleza yeye ni kingine, na hakutaka kitoke chumbani. Tulikubaliana sentensi moja tu iende kwa walezi, akaichagua mwenyewe: "Wagonge mara mbili, wataje majina, wasisogee kitandani." Niliipeleka kwenye makabidhiano ya zamu bila maelezo ya sababu. Mlezi mmoja mzoefu alinitazama kidogo, akaiandika kwa herufi kubwa na kuibandika ndani ya kabati la funguo. Ripoti zile zilikoma. Sikumtibu mimi kwa namna ninayoweza kuidai. Mlango uligongwa vizuri kila usiku na watu ambao hawakujua kwa nini, na juu ya hilo ndipo mazungumzo yetu yakapata pa kusimama.

Kwa hiyo nenda kwenye makabidhiano ya zamu. Usitume ujumbe, nenda, kaa, sikiliza kwanza. Wafundishe walezi mambo madogo yanayofanyika: kushusha sauti badala ya kuipandisha, kutoa machaguo mawili badala ya amri moja, kungoja kijana atulie kabla ya kumhoji. Nawe ujifunze kwao, kwa sababu wanajua ambayo hutayaona ofisini kwako kamwe. Fritz Redl, aliyeendesha nyumba ya wavulana wenye fujo kule Detroit miaka ya 1940, alishikilia kwamba mazungumzo yenye kutibu zaidi ni yale yanayofanyika pale pale tukio lilipotokea, likiwa bado la moto, na mtu aliyekuwepo. Mtu huyo mara nyingi ni mlezi wa zamu mwenye mshahara mdogo kuliko wote kituoni. Ukimdharau, umeidharau nusu ya tiba.

Makundi yanahitaji neno la peke yake, maana kituoni utaambiwa uendeshe vikao vya kundi, na watu hudhani kundi halina madhara. Karibu na Boston, mwaka 1939, ulianzishwa mradi mkubwa wa kuwasaidia wavulana walioonekana kuelekea pabaya. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana. Mmoja akapewa msaada wa miaka kadhaa, mwenziwe akaachwa. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia, na mwaka 1978, miaka zaidi ya 30 baada ya msaada kwisha, akatoa matokeo: waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi katika mambo kadhaa, yakiwemo ulevi na kurudia uhalifu. Alipochambua zaidi aliona kwamba madhara yaliwaelemea waliopelekwa kambi za likizo zaidi ya mara moja, pamoja na wavulana wenzao. Mwaka 1999, yeye na watafiti wenzake Thomas Dishion na François Poulin wakaeleza jinsi inavyotokea: kijana akisimulia uhalifu wake, wenzake wakicheka, kile kicheko ni tuzo. Hakuna pointi ya kituo inayoweza kushindana na kicheko cha rika.

Simaanishi kila kundi huharibu. Kundi lenye kazi maalumu, lenye watu wazima wawili wanaojua wanachofanya, linaloingiliwa upesi simulizi za majigambo zinapoanza, linaweza kumfundisha kijana mbinu za kudhibiti hisia vizuri kuliko kikao cha faragha. Ila usikubali kupewa vijana kumi na wawili, chumba, na maelekezo ya "waongee yaliyo moyoni". Zaidi ya hapo usikubali kabisa makundi ya kushambuliana. Mtindo huo wa kumweka mtu katikati wenzake wamrarue kwa maneno ulitokana na jumuiya ya Synanon iliyoanzishwa California mwaka 1958, ukanakiliwa na vituo vingi vya vijana kwa jina la kuvunja ukaidi. Mtoto aliyevunjwa huwa mtii kwa muda. Kupona ni habari nyingine.

Kuhusu kujikata na mawazo ya kujiua nitasema machache, maana utapata mafunzo, na usipopewa mafunzo hayo wiki ya kwanza, yadai. Tabia hii huambukizana bwenini, hivyo majeraha yatibiwe kwa utulivu, bila hadhara na bila mahubiri. Kumtia mtoto sahihi kwenye karatasi ya kuahidi kwamba hatajiua hakumlindi. Humfundisha tu kukuficha. Tengeneza naye mpango wa usalama ulioandikwa kwa maneno yake: dalili zake za mwanzo ni zipi, atafanya nini peke yake, ataenda kwa nani bwenini, mtu mzima gani ataitwa, vitu gani viondolewe karibu yake. Muulize swali la kujiua kwa jina lake. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Wazazi sasa. Watakupigia simu jioni, na swali la kwanza la wengi, hata kama wamelizungusha, ni moja: "Amesema nini kuhusu mimi?" Ukijibu, umempoteza mtoto. Ukijibu kwa ukali kwamba ni siri, umempoteza mzazi, na mtoto atarudi kwa mzazi huyo huyo. Mimi husema: "Aliyoyasema nitamwacha ayaseme mwenyewe, na namtayarisha kwa hilo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba analala, anakula, na wiki hii amemtaja mara nyingi mdogo wake aliye nyumbani." Mzazi mwenye mtoto kituoni amebeba aibu kubwa, na aibu mara nyingi huvaa sura ya hasira au ya kuhoji malipo. Mpe kazi ya kufanya. Kikao cha familia kila wiki, hata kwa simu, kina uzito kuliko vikao vyako vitatu na kijana peke yake, kwa sababu nafuu ya kituoni isipofika nyumbani huyeyuka. Mzazi anayeambiwa "tuachie, tutamtengeneza" amedanganywa.

Itatokea pia kijana amwambie mama yake kwamba anateswa hapo. Wenzako watasema anatafuta njia ya kutoka. Inawezekana. Lakini wewe si mpelelezi wala hakimu, na kuamua kwamba ni uongo kabla ya kuchunguzwa si kazi yako. Iandike kama alivyoisema, iripoti kwa njia iliyowekwa, na kama njia hiyo inamrudia yule yule aliyelalamikiwa, ipeleke nje kwa mamlaka ya ulinzi wa mtoto. Historia ya vituo hivi inatosha kutufundisha. Mwaka 2007 ofisi inayokagua utendaji wa serikali kwa niaba ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa iliyotaja maelfu ya tuhuma za ukatili katika vituo na kambi za vijana kuanzia 1990, na ikachambua kwa kina vifo 10. Sheria ya taifa zima iliyolenga kufichua ukatili wa namna hiyo ilitiwa saini huko Desemba 2024 tu, miaka 17 baadaye. Katikati ya miaka hiyo walikuwepo washauri wenye vyeti kama vyako na vyangu, waliosikia watoto wakilalamika na kuandika "anajaribu kutuchezea akili".

Hofu yako ya pili ni kwamba watu hawadumu. Ni kweli wengi huondoka mapema, na sababu yenyewe kwa kiasi kidogo tu ni watoto. Kinachowamaliza ni kuwa katikati ya mkurugenzi anayetaka kitanda kijazwe, mzazi anayetaka miujiza, na kijana anayetaka kutoka, huku simu ya dharura ikiita Jumapili. Kinachowamaliza zaidi ni kusikia simulizi za ukatili siku baada ya siku bila pa kuzipeleka. Mwanasaikolojia Charles Figley aliandika sana juu ya uchovu huu wa huruma miaka ya 1990, na dalili zake utazijua: unaanza kuota ndoto za wateja wako, au kinyume chake, unasikiliza jambo la kutisha na huhisi kitu. Hiyo ya pili ndiyo mbaya. Dawa ninayoiamini ni usimamizi wa kitaaluma, yaani kikao cha kupitia kazi yako, kila wiki, na mtu ambaye si bosi wako na hapangi likizo yako. Kituo kisipokupa, ulipie mwenyewe mpaka wakupe, au uondoke. Uliza pia utakuwa na vijana wangapi. Kwa hali ya bweni, wakizidi kumi utageuka mwandishi wa taarifa.

Na siku ukiondoka, usiondoke kimya kimya. Watoto hawa wameshaachwa na watu wazima wengi bila kuagwa. Waambie wiki kadhaa kabla, taja tarehe, waache wakasirike, fanya kikao cha mwisho na kila mmoja. Mwongozo ni ule ule kwa kijana anayetoka: miezi mitatu ya kwanza baada ya kuruhusiwa kutoka kwenye tiba ya akili ya kulazwa ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kujiua, hivyo mshauri atakayempokea nje awe ameshazungumza naye kabla hajafunga mizigo, na miadi ya kwanza iwe ndani ya siku chache.

Sasa nikujibu: ukubali? Kwa unavyouliza, nadhani unaifaa kazi hii. Usaili ugeuze, uwahoji wao. Kijana mgeni anaruhusiwa kuongea na wazazi lini, na nani anasikiliza simu hiyo? Barua zinafunguliwa? Chakula, usingizi au kuonana na familia huwahi kutumika kama adhabu? Mtoto akizuiwa kwa nguvu, anazuiwaje, na nani anakaa naye baadaye? Wakikuambia wanamlaza kifudifudi na kumkandamiza, hilo limeua watoto kwa kuwakosesha pumzi, na huna haja ya kuendelea na usaili. Kutengwa chumbani kunadumu muda gani, na kunaandikwa wapi? Mshauri aliyetangulia aliondoka kwa nini, na mnaweza kunipa namba yake kwa ridhaa yake?

Kisha omba kitu kimoja zaidi: ukae kituoni kuanzia chakula cha jioni mpaka taa zizimwe, kabla hujasaini mkataba. Tazama walezi wanakula na vijana au wanasimama ukutani. Sikiliza majina: wanaitana kwa majina au kwa ngazi na vitanda? Angalia mtoto anapokataa jambo dogo, mtu mzima wa kwanza anafanya nini. Kituo chenye afya kitakupangia jioni hiyo, pengine kwa kusitasita, kwa sababu ya faragha ya watoto, na kitawauliza vijana kwanza kama wanaridhia mgeni. Hiyo ni dalili nzuri sana. Wakikukatalia bila sababu ya maana, au wakikuonyesha ofisi, darasa na bustani tu, usisaini.